Kapiteni Joubert, mlinzi mwenye bunduki aliyezeekea kando ya Tanganyika

Tarehe 27 Mei 2027 inatimia miaka 100 tangu Ludovic Joubert afariki dunia huko Misembe, karibu na Moba, kwenye pwani ya Kongo ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 85. Alikuwa Mfaransa, lakini hakuwa padri, hakuwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi hakuwa mtumishi wa serikali yoyote. Kazi iliyomleta ziwani ilikuwa moja tu: kubeba bunduki ili watu wengine wasafiri, wakae na wafanye kazi zao bila kuuawa.

Jina lake husikika zaidi upande wa Mpala na Moba, ambako alikaa miaka mingi. Huku kwetu kaskazini, Uvira, Baraka na Fizi, wachache humtaja. Hata hivyo ni kwenye maji haya ya kaskazini, kati ya Rumonge na Ubwari, alikoanza kazi yake, na ni hapa damu ilimwagika kwanza kwa sababu ya kukosekana mlinzi.

Yeyote anayepanda boti usiku kutoka Uvira kwenda Baraka au Kalemie anaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Wavuvi wanaonyang'anywa mota na nyavu katikati ya maji, wafanyabiashara wanaoshushwa mizigo yao na watu wenye silaha, wote wanauliza swali lile lile: nani analinda ziwa? Miaka 140 iliyopita swali hilo liliulizwa pia, na maisha ya Joubert ni sehemu ya jibu lililotolewa.

Ziwa lisilo na mwenyewe

Tanganyika ilikuwa barabara kabla ya kuwa mpaka. Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, walipelekwa na mitumbwi ya Kannena, mkubwa wa Ujiji, na waligundua kwamba Uvira tayari ilikuwa soko. Pembe za ndovu, watumwa na vyuma vilinunuliwa na kuuzwa hapa. Chumvi ya Uvinza ilivuka, mawese yalivuka, samaki wakavu walivuka. Mapiga kasia waliogopa kupita karibu na vijiji vya Wabembe, ambao walisimuliwa kuwa wala watu. Hadithi hiyo ilimfaa sana mfanyabiashara aliyetaka wenzake wasiijue njia yake, lakini hilo ni jambo jingine.

Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao walifika kaskazini, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi inaingia ziwani wala haitoki. Walipita wakilipa hongo kwa wakubwa wa pwani, maana hakuna aliyesafiri bila kulipa. Kila ghuba ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na bei yake. Katikati ya maji, lakini, hapakuwa na mtu wa kumlipa wala wa kumshitaki. Mwenye mtumbwi mkubwa na bunduki nyingi ndiye aliyepita.

Watumwa wa Manyema walishuka hadi Mtoa, upande wa magharibi, wakavushwa kwenda Ujiji, kisha wakaendeshwa kwa miguu hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Katika ulimwengu huo ndipo Joubert aliingia.

Askari wa Papa

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, magharibi ya Ufaransa, katika eneo la Wakatoliki wagumu. Akiwa na miaka 18 alijiandikisha kwenda kumtetea Papa, ambaye wakati ule alikuwa pia mtawala wa nchi katikati ya Italia, na nchi hiyo ilikuwa ikimponyoka. Tarehe 18 Septemba 1860 alipigana huko Castelfidardo, jeshi la Papa likashindwa, na yeye akajeruhiwa. Alirudi tena katika jeshi lile la kujitolea, Wazuavu wa Papa kama walivyoitwa, akapanda hadi cheo cha kapiteni. Tarehe 20 Septemba 1870 Roma ilitekwa na jeshi la mfalme wa Italia. Jeshi la Papa likavunjwa.

Akabaki kapiteni asiye na jeshi. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi Ulaya wakati ule: vijana waliojifunza kitu kimoja, vita kwa ajili ya Kanisa, na Kanisa halikuwa tena na nchi ya kutetea.

Aliyewapa kazi mpya alikuwa Charles Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Msafara wake wa kwanza kuja Afrika ya kati uliondoka 1878, na wapadri wakafika Ujiji Januari 1879. Njia kutoka Bagamoyo iliwagharimu sana: homa, wapagazi waliotoroka, wanyang'anyi. Kwa msafara wa pili, wa 1879, Lavigerie aliamua kuongeza walinzi wenye silaha, wote waliokuwa Wazuavu. Walikuja kama wasaidizi walei. Hawakuweka nadhiri, walibeba bunduki. Joubert alikuja na msafara wa tatu, mwaka 1880.

Wazo hilo halikuwa geni duniani. Wakati wowote biashara au dini ilipokwenda mbali kuliko serikali, mlinzi wa kulipwa au wa kujitolea alikwenda pamoja nayo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa meli za moshi kwenye pwani ya China. Huko maharamia walikuwa na ujanja wao: walinunua tiketi kama abiria, wakapanda na bunduki zilizofichwa, wakaiteka meli ikiwa safarini. Aprili 1914 meli iitwayo Tai On ilishambuliwa karibu na Hong Kong, ikashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa. Baada ya hapo serikali ya Waingereza ya Hong Kong ilitunga sheria ya kuzuia uharamia: walinzi wenye silaha ndani ya meli, wengi wao Wahindi, na vyuma vya kutenga chumba cha nahodha na mahali pa abiria.

Kuna tofauti moja kubwa. Mlinzi wa Hong Kong alishuka bandarini akakuta polisi, mahakama na gavana. Kazi yake iliishia kwenye ngazi ya meli. Joubert hakukuta mtu. Tanganyika haikuwa na bandari yenye serikali wala hakimu wa kumpelekea mwizi. Kwa hiyo mlinzi aliyekuja kulinda wapadri alilazimika, au alijiona amelazimika, kuwa polisi, hakimu na hatimaye mkubwa wa nchi.

Rumonge, Massanze, Kibanga

Wapadri walikuwa wamejenga Rumonge, upande wa Burundi, mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka wakajenga Massanze, upande wetu, karibu na Ubwari. Hizo ndizo misheni za kwanza za Katoliki kwenye kaskazini ya ziwa.

Tarehe 4 Mei 1881 Rumonge iliangamia. Chanzo kilikuwa ugomvi juu ya mtoto wa misheni. Watu wa mkubwa mmoja aitwaye Bikari walipambana na wamisionari. Padri Deniaud na Padri Augier waliuawa, pamoja na msaidizi wao, Mbeljiji Félix D'Hoop, ambaye naye alikuwa Mzuavu zamani. Waliobaki wakaiacha Rumonge.

Kifo cha watu hao watatu kinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba bunduki moja au mbili haziwalindi watu ambao majirani wao hawawataki. La pili linahusu mtoto yule. Wapadri walikuwa wakinunua watoto kutoka kwa wauza watumwa ili kuwaweka huru, wakawalea misheni. Machoni pa wapadri mtoto aliyekombolewa alikuwa amefika nyumbani. Machoni pa jirani, mzungu naye alikuwa mtu anayekusanya watoto wa watu. Si kila aliyeishi kando ya ziwa aliona tofauti kati ya manunuzi hayo na mengine, na siwezi kumlaumu.

Katika hali hiyo ndipo Joubert alianza kazi. Alikuwa Massanze, kisha Kibanga, misheni iliyojengwa 1883 upande wa Ubwari na kupewa pia jina la Lavigerie. Kazi yake haikuwa na utukufu. Kufundisha vijana kushika bunduki na kukaa zamu usiku. Kujenga boma la miti na udongo. Kusindikiza boti za misheni, kwa sababu chakula, barua, nguo za kubadilishana na wagonjwa wote walipita majini. Boti iliyolala ufukweni bila mlinzi iliweza kutoweka kabla ya jua kuchomoza, na misheni isiyokuwa na boti ilikuwa kisiwa.

Wakimbizi walianza kuja. Habari zilipoenea kwamba Kibanga kuna mahali ambapo wakamata watumwa hawaingii, familia zilijenga karibu na ukuta. Kijiji kikakua. Kila nyumba mpya iliongeza watu wa kulindwa, na kila mtu wa kulindwa aliongeza sababu ya kutafuta askari zaidi.

Rumaliza

Mtu aliyekuwa na nguvu halisi kwenye kaskazini ya ziwa hakuwa Mfaransa. Alikuwa Muhammad bin Khalfan, wa ukoo wa Barwani kutoka pwani ya Lindi, ambaye ziwa lote lilimjua kwa jina la Rumaliza, yaani amalizaye. Alikuwa mshirika wa Tippu Tip, akakaa Ujiji miaka ya 1880, akaweka watu wake Uvira na Uzige. Wapadri walipojaribu kujenga Uzige mwaka 1884, watu wa Rumaliza hawakuwaacha wakae. Burundi yenyewe alijaribu kuiingia, lakini Mwami Mwezi Gisabo hakuwa mtu wa kuchezewa.

Ni rahisi kumchora Rumaliza kama shetani, na vitabu vya wamisionari vilifanya hivyo. Vijiji vilivyochomwa kwenye pwani hii vilichomwa kweli, na watu waliofungwa kamba walikuwa babu na nyanya zetu. Lakini machoni pake naye alikuwa mlinzi wa biashara. Alikuwa na mitumbwi, askari, mkopo kutoka kwa Wahindi wa Zanzibar, na njia ambayo wengine walitumia kwa ruhusa yake. Wangwana waliofuatana naye waliacha Uvira misikiti, mpunga, na lugha hii unayoisoma sasa.

Wazungu wengine nao walikuwa majini. Nahodha Mwingereza Edward Coode Hore, wa shirika la kimisionari la London, alikuwa amefika Ujiji 1878 akaizunguka Tanganyika kwa boti, akiipima na kuichora. Shirika lake lilileta vipande vya meli ya moshi kupitia Ziwa Nyasa, ikaunganishwa kusini, katika Zambia ya leo, na kushushwa majini Machi 1885. Iliitwa Good News, na ilikuwa meli ya moshi ya kwanza kwenye Tanganyika. Waprotestanti hao walichagua njia nyingine. Walijaribu kuishi kwa mapatano na wakubwa wa Ujiji, bila kuunda jeshi. Nao walizika watu wao, wengi kwa homa, lakini hawakugeuka kuwa watawala.

Mpala

Mwaka 1885 Joubert alirudi Ufaransa. Mwaka huo huo mambo yalibadilika upande wa kusini magharibi. Luteni Émile Storms, Mbeljiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alikuwa amejenga kituo Mpala mwaka 1883. Storms alitawala kwa nguvu. Desemba 1884 watu wake walimuua Lusinga, mkubwa wa Watabwa, wakakata kichwa chake, na fuvu likasafirishwa hadi Ubeljiji. Sanamu ya Storms ilisimama Brussels mpaka mwaka 2022, ilipoondolewa.

Baada ya mkutano wa Berlin Leopold alitaka nguvu zake ziende mtoni Kongo, akampa Lavigerie vituo vyake viwili vya ziwani, Karema na Mpala. Ghafla wapadri walirithi ngome, mizinga midogo, askari na wakubwa waliokuwa wameapishwa kwa bunduki. Hawakujua la kufanya na urithi huo. Lavigerie alijua: aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na alimkumbuka kapiteni wake.

Joubert alikubali kurudi. Aliingia Mpala tarehe 20 Machi 1887, na safari hii hakuja kusindikiza mtu. Alikuja kutawala. Alipanga askari, akasikiliza mashauri, akaadhibu wezi, akapatanisha wakubwa au kuwapiga. Baadaye alihamia Mrumbi, kusini ya Mpala, mahali palipoitwa Saint-Louis.

Februari 1888 alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakaye, Mkristo wa misheni. Wazungu wengi wa wakati ule waliishi na wanawake wa nchi, wakawaacha siku ya kurudi kwao. Joubert alimuoa mbele ya altare, akapata watoto naye, na hakuondoka tena. Kwangu hili ndilo jambo linalomtenga na wenzake kuliko vita vyote alivyopigana. Storms alikaa miaka michache. Hore aliondoka. Joubert alibaki miaka 40.

Mwaka ule wa 1888 Lavigerie, sasa kardinali, alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa: Paris tarehe 1 Julai, London mwishoni mwa mwezi huo, Brussels tarehe 15 Agosti. Vyama vya kupinga utumwa vilizaliwa, fedha zikachangwa, vijana wakajitolea. Lakini msaada huo ulipokuwa ukitayarishwa, njia ya pwani ilifungwa. Watu wa pwani ya Tanzania ya leo waliinuka dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri, misafara ikasimama, na Joubert akabaki na risasi alizokuwa nazo.

Mwaka 1890 wakamata watumwa walikuja kwake kwa njia ya maji. Inasimuliwa kwamba upepo mkali wa ziwa ulifanya kazi ambayo bunduki zake zisingeiweza. Anayeijua Tanganyika anajua kwamba upepo wake hauna dini. Siku ile ulimfaa Joubert.

Msaada ulifika mwisho wa Oktoba 1891. Kapiteni Alphonse Jacques, aliyetumwa na chama cha Ubeljiji cha kupinga utumwa, alimkuta Joubert na askari kama 200, silaha chache, na nguo zilizochakaa. Jacques hakukaa. Alipanda kaskazini akajenga ngome karibu na mdomo wa Lukuga, akaiita Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Watu wa Rumaliza waliizingira mwaka 1892, na kwa miezi mingi ilionekana kama itaanguka, mpaka kikosi kingine kutoka Ubeljiji kilipofika.

Vita havikuamuliwa ziwani. Viliamuliwa upande wa Manyema. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, mbele ya jeshi la Dola Huru la Kongo lililoongozwa na Francis Dhanis, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari wa Kiafrika. Rumaliza alikuja na watu wake, akapigana, na Januari 1894 akashindwa. Alikimbilia upande wa Wajerumani, akarudi pwani, na huko Zanzibar alimshitaki mshirika wake wa zamani Tippu Tip kwa sababu ya mali. Alishinda kesi. Wafanyabiashara wawili wakubwa wa Kongo ya mashariki walimalizana mahakamani.

Baada ya bunduki kunyamaza

Soko la watumwa la Ujiji lilikuwa limekwisha. Watu walioishi Mpala, Mrumbi na Kibanga bila kamba shingoni walimshukuru Joubert, na hakuna sababu ya kuwakatalia shukrani hiyo. Yeyote anayedai kwamba vita vile vilikuwa mchezo wa wazungu tu amesahau mama waliokimbilia ukuta wa Kibanga.

Ila tuangalie nani aliingia kupitia mlango uliofunguliwa. Dola Huru la Leopold lilikuja ziwani likiwa na bendera ya kupinga utumwa. Nyuma ya bendera kulikuwa na kodi ya pembe, mpira, wapagazi wa lazima na kiboko. Katika sehemu nyingi za Kongo, mtu aliyeokolewa kutoka kwa Mwarabu alijikuta analazimishwa kazi na Mbeljiji, mara nyingine na askari yule yule aliyebadilisha bwana. Joubert hakupanga hayo. Lakini ngome yake ilikuwa ngazi, na waliopanda ngazi hiyo hawakumuuliza alikuwa ameijenga kwa nia gani.

Hata ndani ya misheni, uhuru ulikuwa na mipaka. Waliokombolewa waliishi katika vijiji vilivyopangwa, kwa kengele, kazi na sala. Kuoa kulipitia kwa padri. Kuondoka hakukuwa rahisi. Mlinzi alikuwa amekaa mlangoni, na mlango una pande mbili.

Kibanga yenyewe haikudumu. Iliachwa mwaka 1893, na leo msafiri anayepita Ubwari kwa boti haoni kitu cha kumwambia kwamba hapa palikuwa na mji mdogo wa wakimbizi. Uzito wa Kanisa ulihamia kusini. Victor Roelens, Mbeljiji aliyefika ziwani 1892, akawa askofu, na makao yake yakawa Baudouinville, Moba ya leo. Alijenga seminari. Stefano Kaoze, kijana wa Marungu, alisoma huko akapata upadri mwezi Julai 1917, Mkongomani wa kwanza katika wakati huo wa ukoloni.

Dola lilipojiimarisha, Joubert alikabidhi mamlaka. Hakuna vita alivyopigana kuyatetea, wala hakudai nchi iwe yake. Kapiteni akawa mkulima na baba wa familia. Mwaka 1910 alihamia Misembe. Wageni waliompita walikuta mzee mwenye ndevu ndefu, anayesali rozari na watu wa kijiji.

Vita vilimfuata hata huko, ila safari hii vilimpita pembeni. Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann iliiharibu meli ya Wabeljiji Alexandre Delcommune, na ziwa likawa la Wajerumani kwa mwaka mzima. Februari 1915 walishusha majini huko Kigoma meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kwa treni kutoka Dar es Salaam. Waingereza nao walivuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Katanga, porini na milimani, hadi Lukuga. Tarehe 26 Desemba 1915 waliteka Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wabeljiji walivuka Ruzizi kwenda Burundi. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wao wenyewe, baada ya kuipaka mitambo mafuta ili isishike kutu.

Mafuta yalifanya kazi. Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji mwaka 1924, wakaitengeneza, wakaipa jina la Liemba, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena kubeba abiria na mizigo kutoka Kigoma, ikiwa haina mizinga. Siku 11 baadaye, ng'ambo ya pili ya ziwa, Ludovic Joubert alifariki.